Wosia wa Funguo Mbili

Ili umjue vizuri fundi makufuli aliyeitwa Komeo, ilikupasa kwanza upate mkosi wa kujifungia nje ya nyumba yako. Ungefika kwenye karakana yake unahema, chungu umekiacha motoni, mtoto analia ndani, na yeye asingeinua hata kichwa. Angeendelea kuupiga tupa ufunguo uliobanwa kwenye jiliwa, chenga za shaba zikimdondokea kwenye aproni, huku akikukagua kuanzia viatu kwa pembe ya jicho. Kisha angeuliza, "Nani kakufungia?"

Ungesema mlango umejifunga wenyewe.

"Milango haijifungi. Nani kakufungia?"

Ungesema ni upepo. Hapo angesonya msonyo mrefu wa kufika nyumba ya tatu. "Upepo una mikono? Nani kakufungia?"

Wenye kiburi walibishana naye, na wengine waliondoka kwa hasira, lakini fundi mwingine wa maana hakuwepo mtaani, kwa hiyo walirudi. Mwishowe kila mmoja aliinamisha uso na kusema kile Komeo alichotaka kukisikia: "Mimi mwenyewe." Ndipo fundi angefuta mikono, ashushe pumzi kama mtu aliyeshiba, na kumwonyesha benchi bovu lililokuwa karibu na mlango. "Basi kaa hapo usubiri." Nao wakasubiri. Hakuwa na shughuli nyingi kiasi hicho. Aliwasubirisha tu ili dharau yake iwaingie vizuri.

Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Aliweza kukisikiliza kitasa kwa ncha za vidole na kukwambia springi ipi imechoka. Ubaya ni kwamba alidhani kuijua milango ndiko kuwajua watu wanaoishi nyuma yake. Alipima utu wa mtu kwa kufuli lake. Jirani wa kushoto, mwalimu mzima mwenye heshima zake, kwa Komeo alikuwa "yule wa kufuli la sanduku." Mwenye duka la mkabala alifunga ghala kwa kipande cha mbao, basi huyo hata salamu hakuitikiwa ipasavyo. Kaka yake wa tumbo moja alipokuja kumtembelea na begi lenye kufuli dogo, Komeo alilishika kwa vidole viwili mbele za watu na kumuuliza, "Hili kufuli au herini?" Kaka mtu alicheka pamoja na wengine, akala, akaaga, na hakurudi tena.

Mtu pekee aliyeupona kidogo ulimi huo ni binti yake, mtoto wao mmoja. Tangu alipoweza kufikia meza ya kazi, binti alisimama kando ya baba yake akijifunza kukata funguo. Akikosea alitukanwa, asipokosea alinyamaziwa, na ule unyamavu ndio uliokuwa sifa. Alipofika umri wa msichana mkubwa mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa baba. Komeo aliliona hilo, akalifurahia kimoyomoyo kama mtu mwenye akiba iliyofichwa, na hakulisema hata siku moja.

Mke wake tumtaje sasa, ingawa Komeo mwenyewe angemtaja mwisho. Alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kushonea cha hospitali, akipinda mashuka na kutia viraka mapazia ya wodi. Komeo aliiita kazi hiyo "kushonea wagonjwa matambara," na kwa miaka yote waliyoishi pamoja hakuwahi kumuuliza siku yake ilikwendaje. Lakini kiwanja walichojengea nyumba yenye karakana kwa mbele kilinunuliwa kwa mshahara wa hayo matambara, na hati ilikuwa na majina mawili. Jambo hilo Komeo alilijua na kulinyamazia. Kwa watu alisema "nyumba yangu," "mlango wangu," "bati langu," na mke alimwacha aseme. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Komeo, ambaye kila mara alijisifu kwamba hakuna kitasa asichokisoma, aliuchukulia ukimya huo kuwa ni upungufu wa akili. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga nao Komeo aliwadharau. Alisema nyumba zao hazikuwa na vitasa.

Ndani ya nyumba hiyo alikulia pia kijana wa marehemu dada yake mke, aliyelelewa hapo tangu alipofiwa, mpaka akakua, akajifunza unyozi na kwenda kupanga chumba chake. Kijana mpole, hana baya. Ila siku moja alikuja kusalimia, akatazama juu, akasema, "Baba, lile bati la pale kona linataka kubadilishwa." Tangu siku ile Komeo alikata shauri kwamba kijana anaitaka nyumba.

"Mtu haangalii bati la mwenzake bure," alimwambia mkewe. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nikifumba macho mimi, wewe utamwandikia yule kinyozi kila kitu."

"Bati linavuja kweli," mke alijibu.

Wasiwasi huo ulizidi alipoanza kukohoa. Baba yake alikufa kwa kifua, babu yake hali kadhalika, wote mafundi wa kupumua vumbi la chuma, na Komeo hakuwa na shaka kwamba yeye ndiye atakayetangulia. Alipanga kifo chake kama anavyopanga bisibisi ukutani. Jambo lililomkera ni kwamba baada ya hapo angebaki mwanamke na hati mkononi, bila mtu wa kumsimamia.

"Nyumba ni ya binti yangu," alitangaza jioni moja wakila. "Nimesema, na nyote mmesikia. Huo ndio wosia wangu."

Waliosikia ni mke na binti. Mke alimeza tonge lake taratibu. "Maneno ya mezani yanaishia mezani, baba. Kama unataka iwe wosia, twende kwa wakili tukaandike."

"Wakili!" Komeo alisonya. Lakini usiku hakulala, akimwona kinyozi amekaa juu ya bati jipya, na kulipokucha alivaa shati la maana, wakaenda.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule. Wakili alikuwa mwanamke kijana, na hilo peke yake lilitosha kumfanya Komeo abenue midomo. Kabla hajakaa alikizungusha kitasa cha mlango, akakisikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akaligusa kabati la mafaili.

"Hili nalifungua kwa pini ya nywele," alisema.

"Karibu ukae, mzee," wakili alimjibu, na kuanza kuwaeleza kwa utulivu. Alisema wosia si nguo ya saizi moja, kila mtu huvaa unaomkaa. Kuna wosia wa mdomo, unaosemwa mbele ya mashahidi, lakini huo ni wa mtu aliyebanwa, aliye karibu kukata roho na hana kalamu wala muda. Ukipona, mara nyingi hauna nguvu tena, na mashahidi wenyewe kila mmoja hukumbuka lake.

"Huo ni mlango wa pazia," Komeo alisema. "Mwingine."

Kuna wosia wenye msimamizi wa amana, ambapo mali inashikwa na mtu mwaminifu kwa niaba ya mtoto mdogo au mgonjwa asiyeweza kujisimamia.

"Mtu mwaminifu." Komeo alilitamka neno hilo kama mtu aliyeuma punje ya mchanga. "Umeshamwona wapi? Mwingine."

Wakili akasema upo wa kawaida: kila mmoja anaandika wake, anasema sehemu yake iende kwa nani, anatia sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote. Anaweza kuubadilisha siku yoyote akiwa na akili timamu. Watu wengi wanauchukua huo, na hawajuti.

Hapo ndipo mke, aliyekuwa kimya na pochi mapajani, alipofungua mdomo. "Sisi ni watu wadogo, mwanangu. Huo wa kawaida unatutosha. Kila mtu na karatasi yake, tumalize, turudi nyumbani."

Ungemwona Komeo! Shingo ilimvimba. Miaka yote hiyo ameishi na mtu asiyejua tofauti ya kufuli na kamba ya viatu, na leo mtu huyo anamchagulia.

"Kila mtu na karatasi yake, ili mimi nikizikwa asubuhi, jioni wewe uandike nyingine?" alisema. Akamgeukia wakili. "Huo ni kufuli la sanduku. Nionyeshe wenye meno."

Wakili alimtazama mke, mke akatazama mikono yake. "Upo mmoja," wakili alisema. "Ila siwashauri muukimbilie."

"Usiotushauri ndio ninaouulizia."

"Ni wosia wa kufungamana. Mnaandika pamoja na kuahidiana. Aliyebaki anaishi ndani ya nyumba mpaka mwisho wake, kisha nyumba yote inakwenda kwa mliyemtaja. Sikilizeni vizuri hapa. Mkiwa hai wote wawili, kila mmoja anaweza kujitoa, ila lazima amwambie mwenzake, na mwenzake naye anakuwa huru kuandika apendavyo. Lakini mmoja akishafariki, aliyebaki amefungwa. Hawezi kuubadilisha. Hata akigombana na mrithi, hata akioa au akiolewa tena, hata akiona alikosea. Na maisha ya watu yanabadilika, mzee."

"Mmoja akifa haufunguki?"

"Haufunguki."

Komeo aliegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alipiga meza kwa kiganja. "Huo! Hilo ndilo kufuli. Funguo mbili, na mmoja umezikwa."

"Una uhakika, mzee? Fikirini hata wiki nzima."

"Binti, mimi nimeuza makufuli kabla hujazaliwa. Anayeogopa kufuli zito ana mpango wa kuiba." Na alimkata mkewe jicho, ili aelewe kwamba maneno hayo ni yake.

Mke alishusha pumzi. "Kama umeamua, baba, mimi nitasema nini?"

Wakaandika: nyumba na karakana kwa binti yao, peke yake. Mashahidi waliitwa kutoka ofisi ya pili, mpiga chapa na mwenzake, watu wasiohusika. Komeo alitia sahihi kwa mbwembwe, kalamu ikichimba karatasi. Njiani kurudi alisimulia ushindi wake mpaka wakafika, jinsi alivyomshika wakili pabaya, jinsi alivyozikwepa karatasi za mchezo. Mke alitembea nyuma yake kidogo, mkono mmoja kiunoni, akiitikia "ndiyo" na "kweli" pale ilipopaswa. Komeo alimhurumia. Huruma yake nayo ilikuwa ni dharau iliyovaa kanzu.

Mambo yangebaki hivyo kama binti asingependa.

Alimpenda fundi vitasa. Komeo aliposikia sehemu hiyo ya habari alitabasamu. Kisha akasikia sehemu ya pili: ni fundi wa vitasa vya umeme, vya kadi na alama za vidole, vinavyofungwa kwenye mahoteli na maofisi. Kijana alikuja kujitambulisha akiwa amenyoosha shati, akasema shikamoo mara mbili, na Komeo alimweka kwenye lile benchi bovu.

"Umeme ukikatika?" aliuliza.

"Kina betri, mzee."

"Betri ikifa?"

"Kuna ufunguo wa dharura, mzee."

"Ha! Si ndio huo huo ufunguo!" Komeo aliwageukia wateja ili wacheke, na wateja, kwa kuwa makufuli yao yalikuwa mezani kwake, walicheka.

Binti hakucheka. Aliolewa, na yeye na mumewe wakafungua duka lao mtaa wa pili. Si kwamba aliacha kazi ya baba yake. Alikata funguo kule kama alivyokata huku. Lakini Komeo alisema ameuzwa na damu yake mwenyewe, kwamba binti amekwenda kufunga milango kwa rimoti ya redio, na katika hasira hiyo alifanya jambo ambalo mtu mzima angeona haya kulifanya. Alibadilisha kitasa cha mlango wa nyumba.

Jumapili iliyofuata binti alikuja kumwona mama yake, amebeba kikapu cha matunda. Alitia ufunguo aliokata kwa mkono wake mwenyewe. Haukuzunguka. Komeo alikuwa nyuma ya mlango, amesimama kimya kama mwizi ndani ya nyumba yake, anasikiliza. Alijua binti yake angeweza kukifungua kitasa kile kabla chai haijapoa. Alisubiri asikie anajaribu, apate cha kumtukania. Binti hakujaribu. Aliinama, akaweka kikapu kizingitini, akaondoka. Mke alikikuta alipotoka kazini, akakiingiza ndani, akamenya matunda, akala peke yake bila kumkaribisha mtu.

Usiku huohuo Komeo alisema, "Najitoa kwenye ule wosia. Kesho naenda kwa wakili. Sijajenga nyumba niwape watu wa kadi."

Mke alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Aliulamba, akautunga, akaufunga fundo. "Jitoe. Haki yako. Umeshaniambia, basi sheria imetimia. Nami nitakuwa huru na sehemu yangu." Akavuta uzi. "Kijana wa dada yangu bado anapanga chumba."

Komeo alitaka kumnyima binti, lakini akimnyima binti anampa kinyozi. Alipima chuki mbili kama mtu anayepima funguo mbili kwenye tundu moja, na hakuna iliyoingia. Kesho yake hakwenda kwa wakili. Wala kesho kutwa. Aliacha mambo yalivyo, akijisemea kwamba hasira inaweza kungoja, kwamba binti atachoka na mtu wake na kurudi akipiga magoti, na kwamba yeye mwenyewe bado anakohoa na atakufa kabla ya wote.

Hakufa. Watu wa namna hii hawafi haraka.

Mke ndiye aliyeanza kupungua. Nguo zilimpwaya, akazipunguza mwenyewe kwa sindano, na Komeo akamwambia, "Unajinyima chakula kama msichana." Akishika kiuno kupanda ngazi, aliambiwa ni uvivu wa kukaa kwenye cherehani. Aliendelea kwenda kazini kila siku, na kile Komeo asichojua, kwa kuwa hakuuliza, ni kwamba mchana alitoka kwenye chumba cha kushonea akavuka ua kwenda kwa daktari, kisha akarudi kwenye mashuka yake. Siku ilipofika hakurudi nyumbani. Alilazwa kwenye wodi aliyoishonea, juu ya shuka alilolipinda mwenyewe. Binti alikaa naye mchana na usiku. Komeo alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, akatazama dirisha na kusema komeo lake limelegea. Mke alimtazama kwa muda, akatabasamu kidogo, na akafumba macho.

Msibani mkwe alibeba viti, akasimama na wageni, akafanya yote ambayo mwana angefanya. Komeo alimpa mkono kwa ncha za vidole.

Lazima niseme, nilitamani kuandika kwamba huzuni ilimlainisha. Haikumlainisha. Nyumba ilipobaki tupu, alichokiona ni kwamba sasa mkono wa mke haupo tena kumzuia, na kinyozi hana wa kumtetea. Hakumaliza hata kuzifunga nguo za marehemu. Alivaa lile shati la maana na kupanda ngazi za ofisi ya wakili.

"Nataka kuandika upya," alisema. "Nyumba iende kwa yeyote. Hata kwa paka. Ila isiende kwa watu wa kadi."

"Pole sana na msiba, mzee," wakili alisema. "Lakini haiwezekani. Mwenzako ametangulia. Umefungwa."

"Wewe ndiye uliyeuandika. Ufungue."

"Uliuliza mwenyewe kama haufunguki. Nikakujibu."

"Basi nauza."

"Ukiuza ili kumkwepa mrithi, binti yako atakwenda mahakamani na nyumba itarudi. Una haki ya kuishi ndani mpaka mwisho wako. Hilo halina ubishi."

Komeo alitweta. Aliita sheria takataka, akaita ofisi banda. Kisha akasema sentensi iliyompeleka pabaya: "Mimi ndiye niliyepaswa kutangulia! Yule mwanamke hakujua hata anachotia sahihi. Yeye alitaka ule wa kawaida!"

Wakili alikunja mikono juu ya meza, na sauti yake ilibadilika.

"Mzee, mke wako aliniachia ruhusa. Alisema siku utakapokuja kutaka kuufungua, nikwambie. Alijua utakuja. Kabla ya siku ile mliyokuja wawili, alikuja peke yake, katika sare yake ya kazi. Alikuwa ameshaambiwa na daktari. Alisema hana miaka mingi. Akaniambia, 'Mume wangu si mtu mbaya wa mikono, ni mbaya wa dharau. Leo anampenda mtoto wetu kwa sababu anafanya anavyotaka yeye. Siku mtoto akipata yake, atamfungia nje. Mimi sitakuwepo. Kuna wosia gani wa mtu anayekufa kabla ya mtu kama huyo?' Nikamweleza huu. Nikamwambia lazima nawe ukubali, tena ukiwa umeonywa. Akasema nikuonye nitakavyo. 'Mimi nitaomba ule mdogo,' alisema. 'Ule mkubwa atauchukua mwenyewe.'"

Nje, mtu aliburuta kiti. Komeo alitazama kabati la mafaili alilosema angelifungua kwa pini ya nywele. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amekaa mbele ya kitu kilichotengenezwa vizuri kuliko kazi yake, na mtengenezaji wake alikuwa mshona mashuka aliyetembea nyuma yake njia nzima akisema "ndiyo" na "kweli." Mdharau mwiba, mguu huota tende.

"Hakuna njia?" aliuliza hatimaye.

"Ipo moja. Mrithi mwenyewe akikubali kuiachia haki yake, kwa hiari na kwa maandishi. Nenda kazungumze na binti yako."

Alikwenda. Alitembea mpaka mtaa wa pili, amekunja ngumi. Duka lilikuwa na mlango wa kioo. Aliusukuma, haukufunguka. Alitafuta tundu la ufunguo kwa mazoea, macho yakapanda na kushuka, hakuliona. Watu walipita nyuma yake wakimtambua fundi makufuli aliyeshindwa na mlango. Ikabidi abonyeze kengele kama muuza maji. Mkwe alimfungulia, akasema, "Shikamoo baba, karibu," akamtazama usoni, kisha akachukua begi lake na kwenda kazini, akawaachia nafasi.

Binti alikuwa kwenye meza ya kazi. Kati ya nyaya na vibetri palikuwa na jiliwa, na kwenye jiliwa ufunguo wa kawaida kabisa, nusu umekatwa. Hakuinua kichwa. Aliendelea kupiga tupa.

"Nimetoka kwa wakili," Komeo alisema. "Kuna karatasi nataka utie sahihi. Nimefungwa kwenye nyumba yangu mwenyewe."

Tupa ilikwenda, ikarudi. "Nani kakufungia, baba?"

"Mama yako! Alinichezea. Alikuja kwa siri, akapanga, akanifanya mtoto mdogo mbele ya yule msichana wa ofisini."

"Mama alikuomba mchukue ule wa kawaida." Sauti yake haikupanda. "Aliniambia hospitalini. Alisema, kama ungemsikiliza hata siku ile moja tu, ungekuwa huru mpaka leo. Nani kakufungia?"

"Wakili hakunieleza."

Binti aliupuliza ufunguo, akauangalia kwenye mwanga. "Alikueleza. Nani kakufungia?"

Komeo alitazama mlango. Ulikuwa umejifunga nyuma yake bila kelele, na hakujua hata kwa upande wa ndani unabonyezwa wapi. Akatazama mikono ya binti yake, namna kidole gumba kilivyolalia tupa. Ni yeye aliyemfundisha. Kikapu kile cha matunda kilimjia akilini, kimekaa kizingitini, na mtu anayeweza kufungua mlango akiamua kutoufungua. Aliona aibu, aibu hasa, ya kumfanya mtu atafute pa kuweka macho. Alitafuta neno la kumsonya mtu, na hapakuwa na mtu wa kumsonya.

"Mimi mwenyewe," alisema.

Binti alifuta mikono kwa kitambaa. Kengele ililia, akabonyeza kitufe mezani, na mteja akaingia na kufuli lake mkononi, akasita alipowaona. Binti alimwashiria asogee mezani, kisha akamwonyesha baba yake benchi lililokuwa ukutani.

"Basi kaa hapo usubiri."

Komeo alikaa. Benchi lilikuwa imara, miguu yote minne. Binti akapokea kufuli la mteja, akaligeuza mara mbili, na akaanza kazi yake bila haraka.